Kansa imeshaingia, sasa kuacha sigara ya nini?

Hilo swali hapo juu sio langu, ni la baba yangu mdogo, aliniuliza tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari ameshika bahasha ya majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kooni. Sauti yake ilikuwa imekauka miezi kibao, tukasema ni mafua, tukasema ni vumbi, akanywa tangawizi na asali mpaka akachoka, kumbe ni kansa ya koo, pale pale sauti inapotokea. Mzee kavuta sigara toka yuko JKT, kijana wa miaka ishirini. Daktari akamwambia maneno matatu tu, "mzee acha sigara", akaandika rufaa ya kwenda kupigwa mionzi, akaita mgonjwa mwingine. Kwa nini aache, hakuna aliyemwambia. Na yeye akapiga hesabu yake: sigara inaleta kansa, kansa nishaipata, sasa nikiacha napata nini? Si bora nivute zangu nimalizie siku kwa amani.

Siku ile nilinyamaza maana sikuwa na jibu. Jibu nimelitafuta baadae, nimesoma, nimeuliza manesi, nimeuliza madaktari, na naliandika hapa kwa kirefu kwa sababu najua sa hivi kuna mtu amekaa kwenye benchi kama lile na swali ni lile lile.

Hesabu ya baba mdogo ina kosa moja. Anadhani kazi ya sigara mwilini ilikuwa ni kuleta kansa, ikishaileta basi imemaliza. Haijamaliza. Siku unayoanza matibabu inapewa kazi mpya, inapigana na matibabu yenyewe. Inadhoofisha mionzi, kidonda cha oparesheni inakichelewesha kupona, dawa nyingine za kansa inazifanya zitoke mwilini kabla hazijafanya kazi, na kila moja inaiharibu kwa njia yake. Kwaiyo swali la "nilipataje" liweke pembeni kwanza, swali la leo ni hii dawa ninayoenda kupewa itafanya kazi kiasi gani.

Nianze na mionzi maana ndo iliyonishangaza zaidi.

Watu wengi tunadhani mionzi inaunguza kansa kama moto unavyounguza kuni. Sivyo. Mionzi ikipita ndani ya seli inazalisha chembechembe kali sana ambazo zinaenda kukata DNA, ule uzi ambao seli inautegemea ili iishi na izaliane. Sasa seli nayo sio mjinga, ina mafundi wake wa kuunga palipokatika. Hapa ndo oksijeni inapoingia. Kama oksijeni ipo pale pale muda ule ule, inanasa kwenye sehemu iliyokatika na ile jeraha inakuwa ya kudumu, fundi akija anakuta haiungiki tena. Kama oksijeni hakuna, seli inajiunga, kesho yake inaendelea na maisha. Tofauti yake sio ndogo, seli ambayo haina oksijeni inahitaji mionzi kama mara 2.5 mpaka 3 ya ile inayoua seli yenye oksijeni ya kutosha. Na hii sio habari mpya, wanasayansi wa London walishaieleza vizuri toka mwaka 1953.

Uvimbe wa kansa kwa kawaida wenyewe tu una njaa ya oksijeni, maana unakua haraka kuliko mishipa ya damu ya kuulisha. Sasa juu ya hapo weka sigara. Moshi wake una kaboni monoksaidi, ile ile gesi ya jiko la mkaa ambayo kila msimu wa baridi tunasikia imeua watu waliolala nalo ndani wamefunga madirisha. Hii gesi ikiingia kwenye damu inashika hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika. Yani chukulia chembe ya damu ni daladala na oksijeni ni abiria anayetakiwa kufika kwenye uvimbe, anakuja huyu mwingine anapanda kabla yake, anakaa kwenye siti na hashuki kituo chochote. Mvutaji wa kila siku anaweza kuwa anatembea na asilimia 5 mpaka 10 ya hemoglobini yake imekaliwa hivyo, alafu nikotini nayo inabana mishipa midogo, kwaiyo hata ile damu yenye oksijeni inapita kwa shida. Na wagonjwa wetu wengi wanafika hospitali damu tayari iko chini, hapo ndo unaona kila siti ina thamani.

Kuna utafiti ulifanyika Hamilton, Canada, ukachapishwa 1993, wagonjwa 115 wa kansa za kichwa na shingo wanapigwa mionzi. Walioendelea kuvuta wakati wa tiba, uvimbe uliisha kabisa kwa asilimia 45 yao. Ambao hawakuvuta, asilimia 74. Miaka miwili baadae, wavutaji waliokuwa bado hai ni asilimia 39, wenzao 66. 

Sasa ndani ya hii habari mbaya kuna habari nzuri ambayo natamani ningekuwa nayo siku ile kwenye benchi. Kaboni monoksaidi haikai sana. Ukiacha kuvuta, nusu yake inatoka kwa masaa kama manne matano hivi, na ikipita siku moja au mbili damu imerudi karibu na kawaida. Mapafu yanahitaji miezi, moyo unahitaji miaka, lakini siti za daladala zinafunguka siku hiyo hiyo. Kwaiyo mtu anayeanza mionzi keshokutwa na leo bado anavuta, hajachelewa. Na hapo hapo utaelewa kwamba sigara mbaya kuliko zote ni ile ya kutuliza roho, ile mtu anayoivuta nje ya geti dakika kumi kabla hajaitwa jina, maana anaenda kulala chini ya mashine na gesi iko juu kabisa kwenye damu.

Kuna na madhara ya mionzi yenyewe. Ukipigwa shingoni au mdomoni unapata vidonda ndani ya mdomo, mate yanakauka, chakula kinakuwa adhabu, hata uji wa vuguvugu unachoma. Moshi ukipita juu ya vidonda hivyo vinazidi na vinachelewa kupona, mtu anashindwa kula, anapungua kilo, wakati mwingine tiba inasimamishwa apumzike kidogo. Kwa kansa za kichwa na shingo kusimamisha mionzi katikati ni hasara, maana seli zilizobaki zinatumia zile siku kuzaliana. Ndo maana ukiwaona wahudumu wanasisitiza usikose hata siku moja, sio ukali, wanajua kinachotokea ukikosa.

Oparesheni nitaipitia haraka maana ni rahisi kuielewa. Kidonda kinapona kwa damu yenye oksijeni, na nikotini inabana mishipa, kwaiyo mshono wa mvutaji unachelewa, unaingia usaha, wakati mwingine unaachia. Mapafu yake yana makohozi mengi, akitoka kwenye usingizi wa nusu kaputi ana hatari zaidi ya kupata nimonia. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2020 kwamba anayeacha kama wiki nne au zaidi kabla ya oparesheni anapunguza haya matatizo, na kila wiki inayoongezeka baada ya hapo inaboresha matokeo kwa asilimia 19.

Ila kuna uvumi mmoja lazima niuseme, hata wahudumu wengine wa afya bado wanaurudia, kwamba ukiacha sigara siku chache kabla ya oparesheni ni hatari zaidi kuliko kuendelea, kwaiyo kama umebakiza wiki moja vuta tu. Uvumi huu ulitokana na tafiti ndogo za zamani, tafiti zilipokusanywa na kupitiwa upya mwaka 2011 huo ubaya haukuonekana. Kinachowatisha watu ni kikohozi. Ukiacha, vinyweleo vidogo vinavyosafisha njia ya hewa vinaanza kuamka, makohozi yanapanda, mtu anakohoa kuliko alipokuwa anavuta, anasema bora nirudi. Hapo kifua kinajisafisha, vumilia. Ila ukikohoa damu, au kifua kikibana sana, hiyo nenda hospitali, usikae nyumbani ukisema ni usafi.

Kemo sasa, yani dawa za kansa, na hapa tuwe makini maana sio dawa zote. Moshi wa sigara una kemikali za ile lami yake ambazo zinaamsha vimeng'enya fulani kwenye ini. Ini likiamshwa hivyo linavunja baadhi ya dawa haraka kupita kiasi. Mfano unaojulikana vizuri ni vidonge vya erlotinibu vya kansa ya mapafu, dozi ya kawaida ni miligramu 150, lakini walipopima kwa wavutaji wakakuta miili yao inahimili mpaka 300, kwa sababu dawa ilikuwa inaondolewa kwenye damu kabla haijakaa. Irinotekani inayotumika kwenye kansa ya utumbo nayo inashuka kwa wavutaji. Fikiria familia imeuza kiwanja, imechangishana kwenye grupu la ukoo, dawa imenunuliwa, alafu ini linaitupa nje kwa sababu ya fegi tano za jioni. Mimi hii iliniuma kuliko zote.

Angalia lakini, kinacholiamsha ini ni lami ya moshi, sio nikotini. Hili shikilia maana nitalirudia kwenye plasta za nikotini, zile za kubandika kwenye ngozi kumsaidia mtu kuacha.

Na kuna kitu kingine ambacho wengi hawaambiwi kabisa. Vile vimeng'enya vya ini vinavunja pia kafeini. Ukiacha kuvuta ini linatulia, kahawa ile ile uliyokuwa unakunywa inakaa kwenye damu muda mrefu zaidi, unaanza kutetemeka, usiku hulali, moyo unadunda, unasema hii ni alosto ya sigara, yale mateso ya mwili kukosa ulichouzoesha, kumbe nusu yake ni kahawa. Punguza kahawa na chai ya rangi kali kama nusu hivi wiki za mwanzo. Na kama unatumia aminofilini kwa ajili ya kifua au pumu, au dawa za magonjwa ya akili, mwambie daktari kwamba umeacha sigara, dozi zinaweza kuhitaji kushushwa.

Kuna swali ambalo msomaji makini atakuwa nalo na ni la haki kabisa: hao walioacha wakaishi zaidi, si inawezekana walikuwa na nguvu zaidi toka mwanzo? Mtu aliyezidiwa hana hata nguvu ya kuacha. Ni kweli, na huwezi kufanya jaribio la kura, huyu aache huyu aendelee kuvuta, ni unyama. Kwaiyo watafiti wanachofanya ni kulinganisha watu wa hatua moja ya ugonjwa na waliovuta kiasi kinachofanana. Moscow walifuatilia wagonjwa 517 wa kansa ya mapafu, wote walikuwa wanavuta walipogundulika, matokeo yakatoka 2021. Walioacha, nusu yao waliishi zaidi ya miaka 6.6, walioendelea ni 4.8. Karibu miezi 22 ya tofauti, na faida ilionekana kwa waliovuta sana na waliovuta kidogo, kwa waliowahi na kwa waliofika ugonjwa umeshasogea. Marekani, ripoti ya serikali ya mwaka 2014 kuhusu uvutaji ilipima ushahidi wote ikasema wazi kwamba kwa mgonjwa wa kansa uvutaji wenyewe unasababisha vifo zaidi, vya hiyo kansa na vya magonjwa mengine, na unaleta kansa nyingine mpya. Na hospitali moja kubwa ya kansa huko Texas ilichapisha 2024 matokeo ya wagonjwa zaidi ya 4,500 waliosaidiwa kuacha, faida kubwa kuliko zote ilikuwa kwa walioanza ndani ya miezi sita toka wagundulike.

Ndo maana mimi naziona zile wiki za kusubiri kwa jicho tofauti sasa. Kwetu mtu anatoka mkoani na rufaa, anafika hospitali ya Ocean Road pale Dar, au Bugando, au KCMC, kuna vipimo, kuna kupangiwa tarehe, kuna kurudi kesho. Ni muda unaochosha sana. Lakini pia ndo muda ambao mgonjwa ana kitu kimoja anachoweza kukifanya yeye mwenyewe bila kusubiri mashine wala foleni.

Sasa anaachaje, mtu aliyevuta miaka arobaini, tena wiki ambayo ameambiwa ana kansa?

Kwanza tuelewe alosto. Nikotini inashuka kwenye damu kwa nusu kila baada ya masaa mawili hivi, ndo maana mvutaji mzito anaamka asubuhi mkono unatafuta pakiti kabla ya mswaki. Kali kuliko zote ni siku mbili tatu za kwanza, hasira, kichwa, kukosa usingizi, njaa, alafu inashuka taratibu wiki mbili mpaka nne. Kiu yenyewe inakuja kwa mawimbi ya dakika chache chache. Na ile raha ya "sigara inanipunguzia stresi", sehemu kubwa ni sigara kuondoa alosto iliyoletwa na sigara iliyopita. Simwambii hivyo mgonjwa kumsuta, namwambia ili ajue ile hali itapita.

Plasta za nikotini na bigijii za nikotini zipo, na ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani toka 2009, dawa za bupropioni na vareniklini zikaongezwa 2021. Sio kila famasi inazo, uliza famasi kubwa, uliza hospitali yenyewe. Watu wanaogopa, wanasema si ni nikotini ile ile? Ni nikotini lakini haina kaboni monoksaidi, haina lami ya kuamsha ini, haina zile kemikali elfu saba za moshi ambazo karibu sabini zinajulikana zinaleta kansa, na inaingia polepole. Madaktari wa kansa wanazitumia kwa wagonjwa wao, wa oparesheni mweleze daktari wa upasuaji apange mwenyewe. Mwenye vidonda mdomoni kwa ajili ya mionzi bigijii itamuumiza, plasta ndo yake.

Kupunguza peke yake sikushauri kama mwisho wa safari. Mtu akishuka kutoka ishirini mpaka tano anazivuta kwa nguvu zaidi, anavuta ndani zaidi, anamaliza mpaka kipisi kinaunguza kidole, mwili unajilipa. Na tusidanganyane na shisha, ile inatumia mkaa kabisa, kaboni monoksaidi yake ni nyingi mno, Tanzania ilishapigwa marufuku toka 2016 lakini tunajua bado ipo. Ugoro na tumbaku ya kutafuna havina moshi ila vina nikotini na vyenyewe vinaleta kansa ya mdomo, vitoke navyo.

Na ndugu tuliozunguka wagonjwa tuna kazi yetu. Neno "umejitakia" likishasemwa mara moja mgonjwa anaanza kuvuta chooni na kumdanganya daktari, na daktari anayedanganywa anapanga dozi kwa taarifa za uongo. Kama nyumbani kuna mwingine anayevuta, avutie mbali. Mtoto asitumwe dukani kununua moja moja. Na akiteleza akavuta, mionzi inaendelea kesho yake, hesabu ya kuacha inaanza upya jioni ile ile, hakuna haja ya kikao cha ukoo.

Baba mdogo aliteleza. Siku nane za kwanza za mionzi alikuwa anavuta kwa siri na sisi tunajua tunajifanya hatujui. Siku ya tisa sista mmoja wa pale kwenye mionzi alimsogelea, hakumgombeza, akamuuliza tu, "Mzee wangu, ya mwisho umevuta saa ngapi?" Akasema saa mbili asubuhi. Yule sista akakaa chini, akamweleza ile habari ya oksijeni kwa dakika tano hivi, taratibu, kwa heshima, mzee anatikisa kichwa. Tukiwa kwenye bajaji kurudi akaniambia kwa ile sauti yake ya mkwaruzo, "Kwaiyo mwanangu, natoa hela ya mionzi, alafu natoa hela nyingine ya kuizuia isifanye kazi?"

Nikamwambia ndiyo baba.

Kesho yake asubuhi akaniomba tupite njia ya nyuma, kwenye matope, kwa sababu ile ya mbele kuna kibanda cha kijana anayemuuzia, anamjua mpaka jina, akimuona tu anamtolea bila kuulizwa. Ni mzunguko wa robo saa zaidi kwa miguu. Alipangiwa mara 33, tukawa tunazunguka kila siku mpaka ya mwisho.